Ufanano na Utofauti katika Programu za Pampu: Niliyoyaona Karakanani Kigali

Kigali ni mji wa vilima, na maji hayapandi kilima yenyewe. Katika majengo mengi ya ghorofa maji ya bomba huingia kwanza kwenye tangi lililochimbiwa ardhini, kisha pampu huyasukuma hadi tangi la paani, na kutoka huko hushuka mabombani kwa uzito wake. Ukutani, karibu na pampu, hukaa kisanduku cha chuma. Ndani yake, pamoja na fyuzi na kontakta, kuna kidhibiti kidogo kinachoamua pampu iwake lini na izime lini. Uamuzi huo umeandikwa kama programu ya bloku. Insha hii inahusu programu kumi na moja za aina hiyo, na swali nililopewa juu yake nilipokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo katika karakana moja ya Nyamirambo: zinafanana wapi, zinatofautiana wapi, na je, zinaweza kuzaliwa upya kutoka katika programu moja ya msingi?

Kwa wenzangu wa fasihi na isimu ambao hawajawahi kuona programu ya namna hii, haiandikwi kwa mistari ya maneno. Huchorwa. Kila bloku ni kisanduku chenye maingizo upande wa kushoto na tokeo upande wa kulia, na visanduku huunganishwa kwa nyuzi. Bloku ya NA husema ndiyo pale tu maingizo yake yote yanaposema ndiyo. Bloku ya AU hutosheka na moja. Bloku ya SI hugeuza ndiyo kuwa hapana. Kipima muda hupokea ndiyo, hungoja, kisha huipitisha mbele. Uchoraji huu ni mojawapo ya lugha tano zilizoingizwa katika kiwango cha kimataifa cha IEC 61131-3 mwaka 1993. Una ndugu mkubwa, Simulink, ambayo wahandisi wa magari huitumia kuchora modeli za breki na injini zenye maelfu ya bloku. Zetu zilikuwa ndogo mno: kubwa kuliko zote ilikuwa na bloku 34, na hiyo ndiyo sababu niliweza kuzishika zote kichwani kwa wakati mmoja.

Zilifikaje kumi na moja? Kwa kunakiliwa. Jengo jipya likija, fundi huchukua programu ya jengo lililopita, huongeza kitu hapa, hufuta kitu pale, huhifadhi kwa jina jingine na kwenda zake. Hakuna uvivu katika hilo. Ni njia ya haraka ya kumpatia mpangaji maji kabla ya Jumatatu. Lakini kila nakala huanza kuishi maisha yake. Hitilafu ikigunduliwa katika moja, hakuna ajuaye ni ndugu zake wangapi wanayo. Mafaili yenyewe hayakusaidia. Moja liliitwa "final", jingine "final2", na jingine, ambalo ndilo lililokuwa la zamani kuliko yote mawili, "final_mpya".

Wazo la kuziangalia programu kama ukoo si geni. David Parnas aliandika mwaka 1976 kuhusu familia za programu, akishauri tuanze na yale zinayoshiriki ndipo tugeukie yanayozitenga. Mwaka 1990 Kyo Kang na wenzake, katika taasisi ya uhandisi wa programu ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Pittsburgh, walitoa ripoti iliyoonyesha namna ya kuchora sifa za familia kama mti: hizi ni za lazima, hizi ni mbadala, chagua moja kati yake, hizi ni za hiari. Chuo hichohicho leo kina tawi hapa Kigali, kwa hiyo wazo lililozaliwa ng'ambo ya bahari lina jirani kwenye kilima cha pili kutoka kwetu. Kang na wenzake walianzia kwa watu. Mchambuzi hukaa na wataalamu wa fani, huwauliza, huchora mti, kisha programu hufuata. Miaka ya 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Braunschweig, Ujerumani, Ina Schaefer akiwa mmoja wao, waligeuza mwelekeo: programu zipo tayari, zimenakiliwa kwa miaka, na mti wake haujawahi kuchorwa, basi tuuchimbe kutoka katika programu zenyewe. Njia yao, kwa ufupi, ni hii. Chukua modeli moja iwe ya msingi. Linganisha nyingine nayo, ukianzia kwenye maingizo na kufuata nyuzi. Kila jozi ya bloku ipe alama kati ya 0 na 1 kwa kutazama jina, kazi, na idadi ya maingizo na matokeo. Kisha unganisha: zinazokaribiana sana ni za lazima, zinazokaribiana nusunusu ni mbadala, zisizo na mwenzi ni za hiari. Mwalimu wangu alinitaka nitumie njia hiyo kwa programu za karakana. Niliandika programu fupi ya kulinganisha, nikapima uzito wa kila kigezo, nikaiacha ifanye kazi.

Jina ndilo lililoanguka kwanza. Kidhibiti chenyewe huzipa bloku namba tu, kwa mpangilio zilivyowekwa, na namba hizo hazina maana yoyote. Majina yenye maana ni yale ambayo fundi ameyaandika kando, na hapo historia ya nchi yetu ikajitokeza mbele yangu kwenye skrini. Boya la chini la tangi liliitwa "niveau bas" katika programu tano, "low level" katika nne, na "hasi" katika mbili. Fundi aliyesoma kabla ya mwaka 2008, serikali ilipoamua Kiingereza kishike nafasi ya Kifaransa katika kufundishia, aliandika Kifaransa; kijana wa baada ya hapo aliandika Kiingereza. Na "hasi"? Hiyo ni hasi ya Kinyarwanda, yaani chini. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeiona kwa mara ya kwanza atadhani inazungumzia nguzo ya betri. Alama ya ufanano kati ya majina hayo matatu ilikuwa karibu na sifuri, ilhali ni boya moja, kwa kazi moja, mahali pamoja.

Sisi tunaosoma Kiswahili tukiwa na Kinyarwanda vinywani tunaujua mtego huu kutoka upande wake wa pili pia. Neno "gusa" kwa Kiswahili ni kukitia kitu mkono. Kwa Kinyarwanda ni "tu", na katika matumizi mengine ni kufanana. Umuti wetu ni dawa, si mti. Mti ni igiti. Sura moja, kazi mbili. Nilipunguza uzito wa jina hadi karibu na sifuri, na matokeo yakatengemaa papo hapo.

Muundo nao ulikuwa na yake. Pampu lazima izime tangi la paani likijaa, au tangi la chini likikauka, au mota ikizidiwa na mzigo. Fundi mmoja alikusanya ishara hizo tatu katika bloku ya AU, kisha akaweka SI mbele yake. Mwenzake aligeuza kila ishara kwa SI yake, kisha akazikusanya katika NA. Kwa jicho ni michoro miwili isiyojuana. Hata idadi ya bloku haikulingana, mbili kwa nne. Lakini ukiandika jedwali la hali zote 8 zinazowezekana kwa ishara tatu, majibu yanalingana mstari kwa mstari. Ni kanuni ya De Morgan, ile tuliyofundishwa mwaka wa kwanza na wengi tukaiacha kwenye karatasi ya mtihani. Programu yangu ya kulinganisha iliita michoro hiyo mbadala, yaani jambo ambalo mteja angepaswa kuchagua. Hakuna mteja duniani anayejali fundi wake amegeuza ishara kabla au baada. Huo ni mwandiko wa mtu.

Kinyume chake kilikuwa kibaya zaidi. Baada ya boya la tangi la chini, programu zote kumi na moja zilikuwa na kipima muda cha aina moja, kilichounganishwa kwa namna moja. Alama: karibu na 1. Cha lazima, basi, tuendelee. Ila katika saba kilikuwa kimewekwa sekunde 3, na katika nne dakika 15. Nilimuuliza fundi mkuu, mzee aliyejifunza kazi Bukavu na ambaye Kiswahili chake kina ladha ya huko. Hakuhitaji hata kutazama skrini. Sekunde 3 ni za kutuliza mawimbi: maji yakiingia kwa nguvu boya hucheza, na bila kungoja kidogo kontakta hupigapiga mpaka inaungua. Dakika 15 ni jambo jingine kabisa. Ni kungoja tangi lijae kiasi baada ya maji ya mtaa kurudi, katika majengo ambayo tangi la chini lina boya moja tu. Yale mengine yana maboya mawili, na boya la pili ndilo linalofanya kazi hiyo. Kwa hiyo bloku moja, mahali pamoja, ilikuwa sifa mbili tofauti, na tofauti yote ilikaa ndani ya namba moja ambayo njia yangu iliipa uzito mdogo kuliko vigezo vyote.

Hapo nikaanza kulitilia shaka hata neno "lazima". Zote kumi na moja zilikuwa na kipima muda kingine, cha sekunde 2, mwishoni kabisa kabla ya tokeo la pampu. Kinafanya nini? Kijana wa kwanza niliyemuuliza alisema ni cha usalama. Wa pili alisema kinalinda kontakta. Mzee alicheka. "Hicho tulikikuta," akasema. Kilikuwamo katika programu ya kwanza waliyopewa na mtu mwingine, na hakuna aliyethubutu kukitoa kwa sababu pampu zilikuwa zinafanya kazi. Kwa hesabu ya mashine hakuna sifa ya lazima kuliko hiyo, maana haikosekani popote. Kwa hesabu ya mafundi ni mgeni ambaye hajawahi kuulizwa ametoka wapi.

Walimu wetu wa hati za kale wangeichukulia bloku hiyo kama hazina. Mhariri wa utenzi aliye na nakala kadhaa za hati ya Kiarabu hapotezi muda mwingi kwenye beti zilizo sawa na sahihi, kwa kuwa usahihi unaweza kutoka popote. Anatafuta kosa linalorudiwa. Nakala tatu zikiwa na neno lilelile lililoharibika mahali palepale, kuna uwezekano mkubwa kwamba zimetoka kwa mnakili mmoja. Nilifanya vivyo hivyo. Programu nne zilikuwa na SI mbili zinazofuatana, moja inageuza na ya pili inarudisha, kazi bure. Wala hakuna sababu ya watu wanne kubuni upuuzi uleule kila mmoja kwa wakati wake. Zile nne ni watoto wa mama mmoja. Kwa alama za namna hiyo nilichora nasaba ya programu zote, na nasaba hiyo ilinifaa kuliko tarehe za mafaili, ambazo hubadilika kila mtu anapofungua na kuhifadhi tena. Sikuona jambo hili likisisitizwa sana katika niliyoyasoma, na naamini wanafunzi wa Kiswahili wana cha kuwaambia wahandisi hapa.

Kufikia wiki ya nne nilikuwa na orodha safi ya vitu ambavyo baadhi ya programu zinavyo na nyingine hazina. Mashine iliviita vya hiari. Ndivyo vilivyonikosesha usingizi, kwa sababu kutokuwapo kwa kitu hakuna maelezo. Bloku iliyopo unaweza kuifuata nyuzi zake ukajua inataka nini. Pengo halina nyuzi.

Programu tatu, kwa mfano, hazikuwa na kinga ya pampu kuzunguka bila maji. Pampu ikivuta hewa hupata joto, sili zake huharibika, na mwenye jengo hununua nyingine. Niliogopa kuwa ni kusahau. Haikuwa hivyo. Katika visanduku vya majengo hayo kinga ilikuwa imefungwa kwa waya, kwa relei yake yenyewe, nje ya kidhibiti. Programu haikuhitaji kuijua. Ukizitazama programu peke yake utasema mifumo ile mitatu ina upungufu. Ukifungua milango ya visanduku utaona inashiriki sifa hiyo na wengine wote, ila imeiweka mahali ambapo modeli haifiki.

Kisha kulikuwa na kuchelewesha pampu ya pili. Programu tano zilikuwa za majengo yenye pampu mbili. Kati ya hizo, tatu zilikuwa za majengo yenye jenereta pia, na mbili kati ya tatu hizo zilikuwa na kipima muda cha sekunde 8 baina ya kuwaka kwa pampu ya kwanza na ya pili. Mbili katika kumi na moja: kwa kanuni yoyote ya wingi hiki ni cha hiari, tena cha pembeni, na mtu mwenye haraka angekiacha nje ya programu ya msingi. Lakini mota inayowashwa moja kwa moja huvuta, kwa muda mfupi wa kuanza, mkondo unaoweza kufika mara tano hadi saba ya ule wa kawaida. Mota mbili zikianza pamoja juu ya jenereta ndogo, jenereta huzimika. Kwa hiyo hapa hatuna hiari. Tuna sharti: ukiwa na jenereta na pampu mbili, lazima ucheleweshe. Mti wa sifa unaweza kuandika sharti la namna hiyo vizuri kabisa, lakini haukui wenyewe kutoka katika hesabu ya bloku. Mtu lazima aseme neno "jenereta", na neno hilo halikuwamo katika programu hata moja, kwa sababu jenereta haiunganishwi na kidhibiti.

Ikabaki programu ya saba. Pampu mbili, jenereta ipo, kuchelewesha hakuna. Mzee hakukumbuka. Labda jenereta ya pale ni kubwa, alisema. Labda kuna relei kisandukuni. "Twende tukaone, kijana."

Tulipanda moto mbili hadi kilimani. Jengo lilikuwa la wapangaji, na kwa kuwa matangi yake yalikuwa madogo, saa chache bila pampu zilitosha kuwaacha watu wa juu na ndoo mikononi. Jenereta haikuwa kubwa. Kisandukuni hakukuwa na relei. Mzee alitazama kontakta mbili zilizokaa bega kwa bega, akatikisa kichwa, akamwita mlinzi, mtu mzima mwenye koti refu la mvua, akamuuliza kwa Kinyarwanda kama jenereta huwa inazimika pampu zinapoanza.

"Ilikuwa inazimika," mlinzi akajibu. "Siku hizi haizimiki."

Mzee akamuuliza nani ameitengeneza. Hakuna aliyeitengeneza, mlinzi akasema. Umeme ukikatika yeye hukimbia kwanza kwenye kisanduku, huzungusha swichi ya pampu ya pili kuizima, ndipo jenereta huwaka. Husikiliza pampu ya kwanza mpaka sauti yake itulie. Huhesabu. Kisha huwasha ya pili. Nilimuuliza huhesabu mpaka ngapi. "Kumi," akasema, "lakini usiku nahesabu polepole."

Programu ya kulinganisha niliyoiandika ingeweza kuchambua mafaili yale kwa miaka kumi isimpate mtu huyu. Na sikuwa na neno la kumwita katika ripoti. Alikuwa bloku. Alikuwa na ingizo, alikuwa na muda, alikuwa na tokeo, na jengo zima lilitegemea kwamba hajalala wala hajapata kazi nyingine. Hatimaye niliandika, chini ya sifa ya kuchelewesha pampu ya pili: "katika majengo mawili hufanywa na kipima muda, katika moja na mlinzi." Mwalimu wangu aliweka alama ya kuuliza pembeni. Baada ya kumsimulia aliifuta.

Programu ya msingi tuliyomaliza nayo ina bloku 19 ambazo kila jengo huzipata, na vipande saba vinavyoongezwa kulingana na jengo. Kipima muda cha sekunde 2 kimo, kwa sharti la Mzee kwamba kiandikwe kando yake kuwa hatujui sababu. Pamoja na programu kuna karatasi moja yenye maswali ya kuulizwa mahali penyewe kabla ya kuchagua vipande: tangi la chini lina maboya mangapi, kinga ya kukauka imefungwa wapi, jenereta ina nguvu kiasi gani. Swali la mwisho Mzee aliliandika kwa mkono wake, kwa Kiswahili chake: "Nani anagusaka hii kisanduku, na anafanyaka nini?"

Tulirudi kilimani wiki iliyofuata, tukapakia programu mpya, tukazima umeme wa jengo kwa makusudi ili tujaribu. Jenereta ikanguruma. Pampu ya kwanza ikaanza. Mlinzi alikuwa amesimama mbele ya kisanduku, mikono nyuma kama alivyoagizwa, midomo ikitembea. Pampu ya pili ilipowaka alikuwa bado hajafika kumi, akamgeukia Mzee akamwambia kuwa ni mapema mno, iongezwe kidogo. Mzee alisikiliza mota kwa muda, akaweka sekunde 10.